Wakala aliyenisajilia alama ya biashara ya sabuni Tanzania: nyota nne

Natengeneza sabuni za mwarobaini na mafuta ya nazi hapa Mombasa, na siku hizi wateja wangu wengi wako Tanga na Unguja. Usajili wa Kenya hauvuki mpaka wa Lungalunga. Mtu angeweza kulichukua jina langu huko akanifungia soko. Mgeni lazima apitie wakala wa huko, nikamchukua wakili mmoja wa Dar es Salaam.

Nilichompendea ni ukweli. Mwingine niliyempigia kwanza alinitajia bei moja ya "Tanzania nzima". Huyu akaniambia, "Dada, usidanganyike. Ofisi ya usajili Bara ni BRELA, ya Zanzibar ni BPRA. Maombi mawili, ada mbili, vyeti viwili." Kabla hajapokea hela alipekua daftari la alama, akanionyesha sabuni nyingine ambayo jina lake likitamkwa linakaribiana na langu, akashauri tusajili jina pamoja na nembo yangu ya jani. Tukaomba kundi la 3, la sabuni na vipodozi. Akanifafanulia kuwa alama ikishatangazwa Bara kuna siku 60 za mtu kupinga, na kwamba usajili wa huko hudumu miaka 7 ya mwanzo, kisha unahuisha kwa miaka 10.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya risiti. Ada ya serikali na malipo yake vilikuja vimechanganywa, ikabidi nimfuatilie hadi akavitenganisha. Mwambie hilo mapema. Lakini kazi anaijua, na simu anapokea.