Holsta (mfuko wa kuvalia bastola kiunoni) ya nje au ya ndani? Nimezivaa zote mbili hapa Texas, maoni yangu haya hapa

Wakuu, naandika kwa ajili ya ndugu zetu tulio nao huku Texas wanaonunua bastola ya kwanza halafu wanabaki njia panda, niivae nje ya mkanda kila mtu aione au niifiche chini ya shati. Nina holsta mbili za bastola ile ile moja, 9mm ya saizi ya kati, moja ya kuvaa nje na moja ya kuingiza ndani ya suruali, zote za Kydex (ile plastiki ngumu inayopashwa moto ikachukua umbo la bastola yenyewe). Ya nje ilinigharimu dola 60 na kitu, ya ndani dola 80 hivi. Viwanda sivitaji, maana aina hizi zinatengenezwa na wengi sana, cha msingi ujue unatafuta nini.

Kabla ya yote, na hili naomba mlichukulie kwa uzito, angalia kwanza uko nchini kwa karatasi gani. Mwenye green card anaruhusiwa kumiliki, ila ukiwa kwa visa ya muda, ya shule, ya matembezi, ya kazi, sheria ya serikali kuu ya Marekani inakukataza kuwa hata na bunduki wala risasi, isipokuwa kwa mianya michache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Kesi yake ni ya jela na kufukuzwa nchini, na kusema Texas wanaruhusu kila mtu haikusaidii chochote. Nimeona vijana wa chuo wanapiga picha na bastola ya rafiki wanaposti, jamani acheni, mnachezea maisha yenu.

Haya, sheria ya Texas yenyewe kwa kifupi. Kubeba bastola wazi mkandani kuliruhusiwa kuanzia tarehe 1 Januari 2016 kwa wenye leseni, na tangu 1 Septemba 2021 mtu ambaye hana kizuizi kisheria anaweza kubeba bila leseni kabisa. Ila ikionekana hadharani lazima iwe ndani ya holsta, sio kuichomeka tu kiunoni kama kwenye muvi. Bado mimi nashauri uchukue leseni hata kama sio lazima. Unakaa darasani masaa machache, unapiga risasi 50 kwa umbali wa yadi 3, 7 na 15, ukipata pointi 175 kati ya 250 umepita, ada ya serikali ni dola 40. Na kuna faida moja wengi hawaijui, sheria ya serikali kuu inakataza silaha ndani ya futi 1000 kutoka shule, na mwenye leseni ya jimbo husika anapata msamaha pale. Sasa hebu niambie ni mtaa gani wa mjini unaendesha gari bila kupita karibu na shule.

Tuje kwenye holsta ya nje. Kwa raha ya mwili hakuna kulinganisha, hii imeshinda. Inakaa upande wa kulia nyuma kidogo ya nyonga, haikuchomi tumboni, unakaa ofisini siku nzima unasahau kama ipo, jasho haliigusi sana na joto la huku mwezi wa nane wote tunalijua. Kuchomoa ni rahisi, mkono unashuka unakuta mpini uko wazi kabisa hamna shati la kunyanyua. Yangu ina kufuli ya kidole gumba, yaani ukishika mpini vizuri kidole gumba chenyewe kinaangukia kwenye kikitufe, unakisukuma na bastola inatoka, usipokisukuma hata uvute kwa nguvu haitoki. Nilimpa shemeji yangu aivute ikiwa tupu (magazini ya risasi nje, chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, tumeikagua wote wawili kwa macho na kwa kidole), alivuta mpaka akaninyanyua suruali na haikutoka. Hicho ndicho ninachokililia hapa. Ukiivaa wazi bila kufuli umembebea mwizi silaha, maana mtu akikukaribia kwenye foleni, umeshika mifuko mikono yote miwili, mtoto anakuvuta shati, anainyakua kwa nyuma hata hujageuka. Polisi wengi wanavaa holsta za kufuli zaidi ya moja na wamefundishwa kupigania bastola yao mwilini, wewe raia unavaa ile ya dola 20 iliyo wazi kama mfuko wa simu. Kwa kweli inaniumiza nikiona.

Sasa mazingira. Ukivaa nje unabeba bastola pamoja na macho ya watu wote mle ndani. Mama mwenye watoto anahama foleni. Mwingine anapiga simu polisi, na polisi wakija hawajui wewe ni nani, wanajua tu kuna mtu ana bunduki dukani. Baada ya mauaji ya El Paso, huku huku Texas, tarehe 3 Agosti 2019 ndani ya duka la Walmart, Walmart wenyewe mwezi uliofuata waliomba wateja wasibebe silaha wazi madukani mwao hata pale sheria inaporuhusu, na maduka ya Kroger nao wakaomba hivo hivo. Ni ombi la wenye duka na mi naona ni la haki kabisa, watu walipoteza ndugu zao pale.

Afu kuna vibao. Huku mlangoni utakuta vibao vya maandishi marefu kwa Kiingereza na Kispanyola, herufi za inchi moja kwenda juu. Kikiandikwa 30.07 (hizi ni namba za vifungu vya sheria ya Texas) maana yake usiingie ukiwa umebeba wazi, 30.06 usiingie hata ukiwa umeficha kwa leseni, na 30.05 kinawahusu wanaobeba bila leseni. Ile alama nyekundu ya 51% ni ya baa, yaani sehemu ambayo mapato yake mengi yanatoka kwenye pombe inayonywewa pale pale, hapo acha kabisa. Ukipuuza 30.07 faini yake inafika dola 200, ila ukiambiwa kwa mdomo utoke ukagoma kesi inapanda ngazi. Sehemu nyingi utakuta wameweka 30.07 peke yake, kwa hiyo aliyeficha na ana leseni anapita na aliyeivaa nje anarudi kwenye gari kuivua. Na bastola kuachwa kwenye gari ndo chanzo kikubwa cha silaha kuibiwa, kioo kinavunjwa sekunde mbili, kesho imeshafika kwa mtu asiyetakiwa kuwa nayo. Ukilazimika kuiacha, nunua kisanduku cha chuma chenye waya wa kufunga kwenye miguu ya siti, usiweke chini ya siti ukadhani umeficha.

Haya ya ndani. Siku za mwanzo utaichukia, nasema ukweli. Suruali inabana (nunua saizi moja zaidi kiunoni), ukikaa kwenye gari mtutu unasukuma paja, ukiinama kufunga kamba za viatu inakukumbusha ipo. Wengi wanakata tamaa hapo wanaitupa kabatini, wakati shida mara nyingi ni mahali walipoiweka na sio holsta. Mi nimehangaika nayo ikakaa sawa upande wa kulia kwa mbele kidogo, nikaishusha tundu moja na kuilaza kidogo mbele. Kitu cha kujua ni kwamba kinachojichora kwenye shati ni mpini, mtutu hata uwe mrefu umeshaingia ndani ya suruali. Ndo maana holsta nzuri ya ndani ina kile kipande kidogo kama kucha kinachokandamiza mkanda, mkanda nao unausukuma mpini uingie mwilini. Ukinunua ya ndani isiyo na kile kipande umenunua nusu. Shati lenye maua au drafti linaficha vizuri kuliko fulana nyeupe ya rangi moja, na wala huhitaji koti kwenye joto hili.

Mkanda nao ndo wengi wanaupuuza, mtu anatoa dola 600 ya bastola halafu anaifunga na mkanda wa dukani uliolegea kama kamba. Bastola iliyojaa risasi ina uzito, mkanda laini unapinda, holsta inaanza kucheza, unakuwa unashikashika kiuno kila dakika na hapo hata uwe umeificha vipi kila mtu ameshajua. Tafuta mkanda mgumu uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Kwangu ulibadilisha zote mbili, ya nje na ya ndani.

Kuna jambo la usalama ambalo kwangu liko juu ya raha, juu ya kasi na juu ya muonekano. Triga (kifyatulio) lazima ifunikwe yote, pande zote, na kitu kigumu ambacho kidole hakiwezi kukibonyeza kwa nje. Zile holsta za kitambaa za saizi moja ya bastola zote, hapana. Za ngozi ni nzuri zikiwa mpya na ngumu, ila ngozi ikichoka mdomo unalegea na kujikunja kwa ndani, unarudisha bastola ile ngozi inaingia kwenye triga inafyatua, na ukivaa mbele unajua inaelekea wapi. Kwenye Kydex mdomo unabaki wazi, unasikia "tak" ikikaa. Hata hivo kurudisha hakuna haraka, shika shati lako kwa mkono wa kushoto linyanyue juu kabisa, angalia kwa macho kwamba hamna kitambaa wala kamba ya jaketi iliyoingia, kidole cha triga kiwe kimenyooka pembeni, ndo urudishe taratibu. Na kipimo ninachowapa watu ni hiki, bastola ikiwa tupu iweke ndani ya holsta, igeuze kichwa chini juu ya kitanda, itikise. Ikianguka, rudisha dukani.

Chooni pia, jamani. Usiichomoe ukaiweka juu ya kishikio cha karatasi, watu wameziacha huko na watoto wameziokota. Inabaki kwenye holsta, unashusha suruali na kila kitu ukiwa umeikamata.

Nije kwenye linalotugusa sisi watu weusi zaidi. Julai 2016 yalitokea mambo mawili siku mbili mfululizo. Tarehe 6, Minnesota, Philando Castile alisimamishwa barabarani, akamwambia askari kwa upole kabisa kwamba ana silaha, na kibali alikuwa nacho, akapigwa risasi ndani ya gari mbele ya mwenzake na mtoto mdogo, akafa, na askari yule mahakama ikamwachia mwaka 2017. Kesho yake Dallas, kwenye maandamano, askari watano waliuawa, na polisi wakasambaza picha ya mwanaume mweusi aliyekuwa amebeba bunduki wazi kihalali wakisema ni mshukiwa, kumbe hakuhusika, alijisalimisha mwenyewe wakaja kumwachia usiku ule ule. Mmoja alificha, mmoja alibeba wazi. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba holsta fulani itakulinda na hofu ya mtu mwenye bunduki kubwa kuliko yako. Ninachoamini ni kwamba ukiificha unapunguza idadi ya watu wanaoanza kukuogopa kabla hujafungua mdomo, na hilo kwangu lina uzito mkubwa sana.

Ukisimamishwa Texas ukiwa nayo na una leseni, askari akiomba kitambulisho sheria inataka umpe leseni ya udereva pamoja na ya bastola. Zima injini, washa taa ya ndani kama ni usiku, mikono yote juu ya usukani. Usiseme neno "gun" la kwanza huku mkono unaenda kiunoni. Mwambie una leseni ya kubeba, mwambie iko upande gani, muulize anataka ufanyeje, na usisogeze mkono mpaka akuambie. Weka pochi kwenye dashibodi au mlangoni ukiendesha, mbali na upande wa bastola, usijilazimishe kupapasa karibu nayo.

Ya nje nayo haijapoteza kazi. Nikienda shambani kwa rafiki yangu, nje ya mji, kuna nguruwe pori na nyoka, ndo naivaa. Kozi na mazoezi ya reinji (uwanja wa kulenga shabaha) pia, inakuchosha kidogo sana ukichomoa na kurudisha mara nyingi. Hapo naipa nyota 5 bila kusita, kwa mjini naipa 2, na hizo 2 ni za ile kufuli. Ya ndani nyota 4 na nusu, nusu nimeikata kwa sababu ya klipu (kibano kinachoshika mkanda), ile ya plastiki iliyokuja nayo ililegea mapema na siku moja nilipochomoa kwa mazoezi nyumbani holsta nzima ilitoka na bastola, kitu ambacho kingetokea kwenye dharura sijui ningefanya nini. Nimeweka klipu ya chuma ya dola 12 na sasa inauma mkanda haisogei.

Mnaoagiza mtandaoni hakikisheni mmechagua mfano halisi wa bastola yenu, mkono mnaotumia, na kama bastola ina tochi chini ya mtutu semeni, maana holsta ya bastola yenye tochi ni nyingine kabisa na hawa wauzaji wengi wakishaitengeneza kwa oda hawapokei kurudishiwa.