Brothers and Sisters: mwezi mmoja na santuri ya The Allman Brothers Band

Nilipokuwa naisikiliza albamu hii kwenye simu niliipenda tu. Nimekuja kuielewa nilipoipata santuri yake. Mbele ya jalada kuna mtoto wa kiume, Vaylor, mwana wa mpiga ngoma Butch Trucks. Nyuma kuna mtoto wa kike, Brittany, binti wa mpiga besi Berry Oakley. Albamu inatoka Agosti 1973, baba yake Brittany alishazikwa.

Bendi hii ya roki ya kusini mwa Marekani ilifiwa mfululizo. Oktoba 1971 Duane Allman, mpiga gitaa aliyeianzisha, alikufa kwa ajali ya pikipiki mjini Macon, Georgia. Novemba mwaka uliofuata Oakley naye akapata ajali ya pikipiki mjini humohumo, akafa. Wote wawili walikuwa na miaka 24. Besi ya Oakley unaisikia katika nyimbo mbili za mwanzo tu, kisha anaingia Lamar Williams.

Na hapa ndipo waliponigusa: hawakutafuta mtu wa kumwiga Duane. Pengo la gitaa wakaliacha, wakamleta kijana wa piano, Chuck Leavell. Matunda yake yako kwenye "Jessica", dakika saba na nusu bila neno hata moja la kuimba. Dickey Betts, mpiga gitaa wa bendi, aliutunga akimtazama bintiye mdogo akicheza, na alitaka uweze kupigwa kwa vidole viwili tu vya mkono wa kushoto, kwa heshima ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi ambaye mkono wake uliungua moto. Gitaa kavu linatangulia kuchapa, gitaa la solo na vinanda vinaingia na sauti moja, halafu Leavell anaachiwa uwanja. Anaanza polepole, kama anayehesabu hatua, mara vidole vinakimbia na ngoma mbili zinamfuata nyuma. Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi, ambapo wimbo ukifika kwenye sebene waimbaji hunyamaza na magitaa yakasema, hapa tuko nyumbani kabisa.

"Ramblin' Man" ndio uliovuma zaidi, ulifika nafasi ya pili kwenye chati ya Billboard, na ni mtamu kweli, hasa magitaa yanapopandana mwishoni. "Jelly Jelly" ni bluzi ya taratibu. Wiki ya kwanza nilikuwa nauruka, sasa nauacha uende kwa ajili ya sauti ya mwimbaji Gregg Allman, mdogo wake Duane.

Tatizo langu ni nakala niliyouziwa. Ni mtumba, muuzaji alinihakikishia haina mkwaruzo, nami sikuigeuza kwenye mwanga kabla ya kulipa. Usifanye hivyo. Upande wa pili, katikati ya "Southbound", sindano inaruka na kurudia palepale. Nikifika hapo naunyanyua mkono wa sindano, naushusha taratibu kwenye mstari mwembamba ulio kabla ya "Jessica".