Commodore 64 ya mtumba: pesa yako ianzie kwenye umeme

Karibu kila aliyeipata Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya themanini, kwa mara ya kwanza huniuliza swali moja: nitaiwekeaje michezo? Kuhusu adapta haulizi mtu, na adapta ndiyo inayoua mashine hizi. Kwa hiyo humu nimepanga vitu kwa mpangilio ambao ningemshauri ndugu yangu atoe pesa: umeme wa kwanza, hifadhi ya pili, picha ya tatu, sauti mwisho kabisa.

Tuanze na mashine yenyewe. Ilitangazwa Las Vegas Januari 1982 na kuingia madukani Agosti mwaka huohuo kwa dola 595. Tanzania ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta tangu 1974, kwa hiyo usitegemee kuiokota Kariakoo kwenye vyombo vya mtu aliyehama. Yako itatoka Ulaya, hasa Uingereza au Ujerumani, ambako zilinunuliwa kwa wingi. Hilo ni jema, kwa sababu mashine za huko ni za PAL, mfumo wa picha wa TV za Ulaya, na umeme wao una mizunguko 50 kwa sekunde, sawa na wetu. Ya Marekani ni NTSC, mfumo wa picha wa huko, na adapta yake inataka volti 120 na mizunguko 60. Transfoma itakushushia volti, lakini mizunguko haitabadilika, na michezo mingi iliyotungwa Ulaya itaenda kasi isiyo yake au itavuruga picha. Shemeji aliye Maryland akikupigia simu kwamba ameiona moja kwa bei ya kutupa, mshukuru, umwambie aiache.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha mbili. Ya kwanza ni ya skrini ikiwa imewaka: lazima uone namba 38911 kwenye mstari wa pili. Namba ikiwa ndogo kuliko hiyo, na hakuna katriji (kasha dogo la programu linalochomekwa nyuma) iliyochomekwa, kumbukumbu ina kasoro. Ya pili ni ya tundu la video nyuma. Mashine za mwanzo kabisa zina tundu la pini 5, ambalo haliwezi kutoa rangi na mwanga kwenye waya mbili tofauti. Chukua ya pini 8. Kama muuzaji yuko tayari kufungua kasha, tafuta bodi namba 250466. Hiyo ina chipu 2 tu za kumbukumbu badala ya 8, yaani vitu vichache vya kuharibika.

1. Adapta

Commodore 64 inakula umeme wa aina mbili kwa pamoja: volti 5 za mkondo mnyoofu (DC) na volti 9 za mkondo geu (AC). Zile 5 zinalisha chipu karibu zote. Zile 9 zinazungusha mota ya kaseti na kutoa mapigo ya saa ya ndani. Adapta nyingi za zamani zilijazwa gundi ngumu ndani, ikaganda kama jiwe. Joto halina pa kutokea na fundi hana pa kuingilia. Kidhibiti volti kikichoka humo, mara nyingi volti hazishuki bali zinapanda, na chipu za kumbukumbu ndizo zinazoungua mapema. Mashine iliyodumu miaka 40 inakufa ndani ya dakika chache.

Chaguo langu la kwanza ni adapta mpya iliyotengenezwa mahsusi kwa mashine hii. Keelog na Electroware, zote za Polandi, zinaziuza. La pili, kama pesa haitoshi, ni kifaa kidogo cha kinga kinachokaa kati ya adapta ya zamani na kompyuta na kukata umeme volti zikizidi. Hicho kinaiokoa kompyuta tu. Adapta inabaki kuwa ya zamani na utainunua mpya siku moja. La tatu, kutumia adapta ya zamani kwa sababu “muuzaji kasema inafanya kazi”, mimi siliweki kwenye orodha. Hata ukiipima kwa multimeta ukaona volti 5 kamili kati ya pini ya 5 na ya 2, umepima adapta baridi isiyobeba mzigo. Saa moja baadaye mambo ni mengine.

Na hiyo mpya usiichomeke ukutani moja kwa moja. Pitisha kwenye stabilaiza. Umeme wetu ukikatika na kurudi, hurudi kwa kishindo.

2. Hifadhi

Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa kwa kutojua kitu kimoja. Kiendeshi cha disketi cha Commodore, 1541, ni kompyuta kamili iliyojitegemea: kina prosesa yake ya 6502 na kilobaiti 2 za kumbukumbu. Kilikuwa na mwendo wa konokono, takriban baiti 400 kwa sekunde, kwa hiyo mchezo wa kilobaiti 40 ulikusubirisha karibu dakika 2. Waandishi wa michezo wakabuni njia: wakawa wanatuma programu yao ndani ya kiendeshi chenyewe ili kiharakishe. Ni kazi ya akili kubwa sana, na ndiyo inayovitesa vifaa vya leo. Kifaa kinachojifanya 1541 bila kuwa na prosesa ile kitakwama kwenye michezo hiyo.

Kwa msomaji wa huku naweka Pi1541 juu. Ni programu inayoigeuza Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, kuwa 1541 kamili, mapigo kwa mapigo, prosesa na yote. Iliandikwa ikilenga Raspberry Pi 3, bodi ambayo wauzaji wa vifaa vya elektroniki Nairobi na Dar es Salaam wanaifahamu. Utahitaji pia bodi ndogo ya kushusha volti, kwa kuwa Pi inaongea kwa volti 3.3 na Commodore kwa volti 5. Fundi wa simu mwenye mkono mzuri atakuchomea.

SD2IEC, kifaa kinachosoma kadi ya SD badala ya disketi, ni ya pili, na ndiyo ya bei rahisi kuliko zote. Unachomeka kadi ya SD, basi. Haina ile prosesa, kwa hiyo michezo ya faili moja itakwenda vizuri na mingi ya disketi mbili au tatu itagoma. Kwa mtoto anayejifunza BASIC, lugha ya programu ya mashine hii, inatosha kabisa.

Ya tatu ni Kung Fu Flash, katriji inayoingia nyuma na kufungua mchezo kabla hujakaa vizuri kitini. Naipenda. Ila kwa disketi zenye vipakizi vya kasi, zile programu zinazotumwa ndani ya kiendeshi, ina udhaifu uleule wa SD2IEC.

Ultimate-II+, katriji nyingine, inafanya kila kitu: 1541 kamili, katriji, kumbukumbu ya ziada hadi megabaiti 16, hata mtandao. Kwa uwezo ingekuwa ya kwanza. Nimeiweka ya nne kwa sababu bei yake inaweza kuizidi kompyuta yenyewe, na hujalipa bado usafiri na ushuru.

Kiendeshi halisi cha 1541 nunua kama una disketi zako za kuokoa. Vinginevyo ni kizito, na kichwa chake cha kusomea huhama kikirushwarushwa njiani.

3. Picha

Kama mtaani kwenu bado kuna fundi mwenye TV ya chogo yenye tundu la njano la AV, mpe pesa yake uibebe nyumbani. Hakuna picha nzuri zaidi kwa mashine hii. Kwa TV bapa, nunua waya ya S-video (inayopeleka rangi na mwanga kwenye nyuzi tofauti) yenye rezista ya takriban omu 300 kwenye mstari wa rangi, maana Commodore inatoa rangi kali kupita kiasi, pamoja na konveta inayoelewa mashine za zamani kama RetroTINK-2X. Mimi nilianza na konveta ya bei ndogo kutoka duka la mtandaoni, na herufi zikawa zinatetemeka kama zimeandikwa majini. Commodore hutuma mistari yote ya picha mara 50 kwa sekunde bila kuipishanisha, na konveta yangu ilidhani imepishana, ikaichanganya.

4. Sauti

SID, chipu ya sauti, ndiyo roho ya mashine hii, na ndiyo maana wengi hukimbilia kuibadilisha. Subiri. Ziko aina mbili: ya 6581 inatumia volti 12, ya 8580 inatumia volti 9, na kuweka 8580 kwenye bodi ya 6581 ni kuiunguza. Chipu za mitumba nazo nyingi zimefutwa maandishi na kuandikwa upya. Yako ikiwa imekufa kweli, nunua ARMSID, chipu mbadala inayoweza kuiga aina zote mbili. Ikiwa hai, bandika vibamba vidogo vya alumini vya kupooza joto juu ya SID na VIC-II, chipu ya picha. Joto la pwani ni kali kuliko lile la Ujerumani ilikotoka, na vibamba hivyo havifiki hata bei ya waya ya picha.