Mada saba za AP European History: zinamfaa nani?

Kozi ya AP European History (AP ni Advanced Placement, yaani kozi za kiwango cha chuo kikuu), ambayo shirika la College Board huiandaa kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari nchini Marekani, huanzia mwaka 1450 hivi na kuendelea hadi zama zetu. Imegawanywa katika vitengo tisa vinavyofuatana kwa wakati, kuanzia Mwamko wa Sanaa hadi Ulaya ya baada ya Vita Baridi, lakini juu ya vitengo hivyo zimepitishwa mada kuu saba: mahusiano ya Ulaya na ulimwengu, uchumi na biashara, utamaduni na fikra, dola na vyombo vingine vya mamlaka, mpangilio wa jamii, utambulisho wa kitaifa na wa Kiulaya, pamoja na uvumbuzi wa kisayansi na kiteknolojia. Ninazipima mada hizi kuliko kitu kingine chochote katika kozi, kwa sababu orodha ya wafalme na vita mwanafunzi anaweza kuipata popote.

Iliyonivutia zaidi ni mada ya dola na mamlaka. Mkataba wa Amani wa Augsburg wa mwaka 1555 uliwapa watawala wa majimbo ya Dola Takatifu la Kiroma haki ya kuchagua kati ya Ukatoliki na Ulutheri, ukawaacha nje Wakalvini, yaani Waprotestanti waliomfuata John Calvin, na ni mwaka 1648 tu, baada ya Vita vya Miaka Thelathini, ndipo mikataba ya Westphalia ilipowaingiza nao. Ufaransa ilipita njia nyingine: Henri wa Nne aliwapa Waprotestanti uhuru wa kuabudu kwa Amri ya Nantes mwaka 1598, na mjukuu wake, Louis wa 14, akaifuta mwaka 1685. Miaka minne baadaye Bunge la Uingereza lilimwekea mfalme mipaka kwa Sheria ya Haki. Mwanafunzi anayeyasoma haya kila moja katika sura yake hubaki na tarehe za kukariri, ilhali anayeyapanga chini ya mada moja huona kwamba watu walikuwa wakigombania jambo lile lile, yaani ni nani mwenye mamlaka juu ya dhamiri na mfuko wa raia, na Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 hayamjii tena kama radi.

Mada ya uvumbuzi nayo ni nzuri, lakini hapa ndipo mwaka 1450 unapoanza kuigharimu kozi. Kila mwalimu hutaka kueleza jinsi mtambo wa kuchapa ulivyomsaidia Martin Luther, aliyeanzisha Mageuzi ya Dini, baada ya mwaka 1517, na njia bora ya kulieleza hilo ni kumlinganisha na Jan Hus, padri wa Bohemia aliyepinga uuzaji wa rehema kabla yake na kuchomwa moto huko Constance mwaka 1415. Luther alikuwa na wachapaji pamoja na mtawala wa Saxony wa kumkinga. Hus hakuwa na mtambo, na hati ya usalama aliyopewa na mfalme Sigismund haikumfaa kitu. Hata hivyo Hus yuko nje ya mpaka wa kozi. Ndivyo ilivyo pia kwa tauni kuu ya mwaka 1347 hadi 1351, ingawa ongezeko la watu la karne ya 16 halieleweki vizuri pasipo kujua pengo lililotangulia. Mwalimu makini atatenga vipindi viwili vya mwanzo kuziba pengo hilo, hata kama mtihani hautayauliza.

Kuhusu mahusiano ya Ulaya na ulimwengu, sifa na lawama zinakwenda pamoja. Maasi ya watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa katika Karibi, chini ya Toussaint L'Ouverture, yaliyozaa taifa huru la Haiti mwaka 1804, yamewekwa ndani ya maudhui ya lazima, na hilo ni jambo la kupongezwa. Tukifika kwenye ubeberu wa karne ya 19, upinzani wa waliotawaliwa huja zaidi kama mifano ambayo mwalimu anaweza kuichagua au kuiacha, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuujua Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 bila kusikia kwamba Ethiopia iliishinda Italia huko Adwa mwaka 1896.

Mada ya utambulisho ni nyembamba katika karne za mwanzo na hunenepa ghafla baada ya Napoleon. Sioni kosa katika hilo, maana historia yenyewe ndivyo ilivyokwenda.

Faida ya mada huonekana hasa kwenye insha ya nyaraka, ambapo mtahiniwa hupewa nyaraka 7 na dakika 60, zikiwemo 15 za kusoma. Chukua ushahidi uliotolewa mwaka 1832 mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyoongozwa na Michael Sadler kuhusu watoto viwandani. Maelezo ya kupigwa na kuchoka yanaumiza moyo, na mwanafunzi wa kawaida atayanakili tu. Aliyezoea kusoma kwa mada atauliza ni nani aliyewaita mashahidi hao, atakumbuka kwamba Sadler alikuwa akipigania siku ya kazi ya saa kumi na kwamba wenye viwanda walilalamika kuwa hawajasikilizwa, kisha ataunganisha hayo na sheria ya mwaka 1833 iliyopiga marufuku kuajiri watoto walio chini ya miaka tisa katika viwanda vingi vya nguo. Hapo uchumi, jamii na dola vimekutana katika aya moja.

Katika maswali 55 ya kuchagua, yanayobeba asilimia 40 ya alama kwa dakika 55, mada husaidia kidogo tu, kwa sababu muda ni dakika moja kwa swali na anayezijua mada bila kuyajua matukio atakwama mapema. Kwa sababu hiyo ningeipendekeza kozi hii kwa mwanafunzi ambaye tayari ana mtiririko wa matukio kichwani, walau kuanzia Mageuzi ya Dini hadi mwaka 1945. Asiye nao asome kwanza kitabu kimoja chepesi cha historia ya Ulaya, kisha apakue mwongozo wa kozi, unaopatikana bure kwenye tovuti ya College Board, na aanzie na mada ya dola na mamlaka.