ODK Collect kwenye maabara ya zege: nyota nne, na moja nimeizuia

Mimi ni fundi sanifu kwenye maabara ya vifaa vya ujenzi hapa Njiro, Arusha. Kazi yangu kubwa ni kuvunja kyubu za zege, yaani vipande vya mchemraba, kupima zege lina nguvu kiasi gani. Saiti wanajaza moldi za milimita 150, sisi tunaloweka kyubu kwenye tanki, na siku ya 7 na ya 28 zinaingia kwenye mashine. Kuvunja ni dakika chache tu. Kilichokuwa kinanizeesha ni kuandika, mpaka tulipohamia ODK Collect, programu ya simu ya kujazia fomu.

Zamani tulikuwa na kaunta buku kando ya tanki, kurasa zimevimba kwa maji. Jioni mtu anahamishia namba kwenye jedwali la kompyuta. Faili liliitwa "kyubu mwisho", likazaa "kyubu mwisho kabisa", likazaa "kyubu mwisho TUMIA HII", na mpaka leo hakuna aliyekiri kulianzisha hilo la tatu. Siku moja mhandisi mshauri akaomba matokeo ya nguzo ya 7, kyubu ya tatu. Kwenye daftari imeandikwa 7/3. Nafungua kompyuta, nakuta 7 Machi. Nguzo ya 8 kyubu ya pili nayo imekuwa 8 Februari. Nilijifariji baadaye niliposoma kwamba wanasayansi wa jeni nao yaliwakuta haya haya, hadi mwaka 2020 wakatangaza majina mapya ya baadhi ya jeni za binadamu ili majedwali yasiendelee kuyageuza tarehe.

Ndipo tukahamia ODK. Wengi mmeiona mikononi mwa wale vijana wanaopita nyumba kwa nyumba na maswali ya afya. Ilianzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008, na haikutengenezwa kwa ajili ya zege. Programu ya simu ni bure, inajaza fomu bila mtandao, na fomu yenyewe unaiandika kwenye jedwali, kila swali mstari wake. Maswali yangu yote nimeyaweka kwa Kiswahili.

Kilichoninunua ni hiki. Zege la kawaida lina kama kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kyubu yetu lazima iwe karibu na kilo 8.1. Nikaiambia fomu isipokee uzito chini ya 7.5 wala zaidi ya 8.8. Wiki ya kwanza chalii wetu wa mafunzo kwa vitendo akaandika 81.2.

"Dada, simu imekataa."

"Inasemaje?"

"Inasema rudi kwenye mizani."

"Si urudi, kwani mizani imehama?"

Kyubu ilikuwa bado iko juu ya mizani, inachuruzika maji. 8.12. Kwa mtindo wa zamani kosa hilo ningelikuta wiki tatu baadaye nikiandika ripoti, kyubu ikiwa kifusi nyuma ya choo, na mimi nabaki kubuni mtu alimaanisha nini.

Hesabu nayo inajifanya yenyewe. Unaandika mzigo uliovunja kyubu, kilonyutoni 585, yaani nyutoni 585,000, inagawa kwa milimita za mraba 22,500 za uso wa kyubu, unapata nyutoni 26.0 kwa kila milimita ya mraba, ndiyo nguvu ya zege. Umri inauhesabu kutoka tarehe ya kumwaga, na hapo ikatuumbua: siku ya 28 ikiangukia Jumapili tulikuwa tunavunja Jumatatu na kuandika 28. Sasa inaandika 29, na mteja anaiona 29. Picha ya kyubu iliyovunjika ni lazima. Ikivunjika vizuri, pande nne zinabanduka karibu sawa na kiini kinabaki kimebanwa kiunoni. Ukiona upande mmoja tu umechanika, usikimbilie kulaumu sementi, tazama kwanza kama kyubu ilikaa katikati na kama sahani za mashine ni safi.

Lakini nami niliharibu. Huku kwetu kuna kokoto nyepesi za volkano, na siku moja zililetwa kyubu za kilo 7.1, halali kabisa. Fomu ikagoma. Yule chalii, ili kazi iende, akaandika 7.5 kwenye zote sita. Fomu yangu ndiyo iliyomfundisha kudanganya, sikuwa na uso wa kumgombeza. Nimeibadilisha: ukiwa nje ya mipaka, unaandika sababu na kupiga picha ya mizani, kisha inakuruhusu kupita. Kosa likigundulika baadaye linarekebishwa kwenye seva, ODK Central, yaani kompyuta inayopokea fomu zote, na jibu la zamani linabaki kwenye historia. Hilo wahandisi washauri wanalipenda kuliko hata hizo picha.

Nyota niliyozuia ni ya seva. Kuisimamisha wenyewe kunataka mtu anayeijua kompyuta kwelikweli. Sisi tulimpata kijana mmoja kutoka mtaa wa Sakina, siku mbili na chapati nyingi. Pia programu haisomi mashine. Macho yako ndiyo yanayosoma geji, na kama geji inadanganya, simu itatunza uongo huo vizuri sana. Nimeongeza swali la tarehe iliyo kwenye stika ya kalibresheni, yaani ya kuhakiki usahihi wa mashine, basi. Bosi wetu ana iPhone, na programu hii ni ya Android, kwa hiyo yeye anaangalia tu kupitia kompyuta, jambo ambalo binafsi silioni kuwa hasara.

Mkiijaribu, nunueni mfuko wa plastiki wa simu. Ya kwetu ya kwanza ilitumbukia tankini ikiwa na kyubu 12 ambazo hazijatumwa. Siku hizi hakuna anayefunga mlango saa kumi na moja kabla hajabonyeza kutuma, mimi nikiwa nimesimama pale pale.