Clay au Jackson: nani alijua njia ya kukuza uchumi?

Mwanasiasa Henry Clay wa jimbo la Kentucky alitaka serikali kuu ya Marekani ikuze uchumi: ushuru wa forodha ulinde viwanda vichanga, benki ya taifa idhibiti noti, barabara na mifereji ifikishe mazao sokoni. Rais Andrew Jackson aliona humo upendeleo kwa matajiri. Mwaka 1830 aliukataa mswada wa barabara ya Maysville, iliyokuwa yote ndani ya Kentucky, hivyo kwake haikuwa ya taifa zima.

Kwa barabara, nasimama na Clay. Mfereji wa Erie, uliokamilika 1825 kwa fedha za jimbo la New York, ulishusha gharama ya kusafirisha tani moja kutoka Buffalo hadi jiji la New York toka dola 100 hivi hadi karibu 10.

Wote wawili walimiliki watumwa, na pamba ya watumwa iliongoza mauzo ya nje.

Kwa benki ya taifa, Jackson alikuwa na hoja: serikali ilimiliki humo hisa moja tu kati ya tano, nyingine zikiwa za watu binafsi. Ila alipohamishia amana za umma kwenye benki za majimbo, mikopo ilifumuka, na mwaka 1837 benki nyingi zikaacha kubadilisha noti kwa sarafu za dhahabu na fedha.