Usiku wa "mteja hakupatikana": nilivyodai gharama ya bredauni hadi nikalipwa

Nimelipia huduma ya dharura barabarani miaka 6 mfululizo kwa kampuni ileile. Kabla ya usiku huu ninaotaka kuusimulia, nilikuwa nimewaita mara 2. Mara ya kwanza betri ilikufa, fundi akaja, akabusti, nikaondoka baada ya nusu saa. Mara ya pili ilikuwa tairi, nayo waliimaliza vizuri. Niliwaamini kabisa, na ndiyo maana gari lilipozingua nikiwa na mama yangu, neno la kwanza kumwambia lilikuwa, "Usiwe na wasiwasi mama, hawa watakuja."

Jina la kampuni silitaji. Kisa chenyewe ndicho ninachotaka kifike kwa mwenye mkataba kama wangu, kwa sababu mabishano yaliyofuata yalinifundisha jinsi biashara hii inavyofanya kazi kuliko ile miaka 6 yote.

Ilianza na taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi. Papo hapo usukani ukawa mzito, na sindano ya joto ikaanza kupanda. Dalili hizo tatu zikija pamoja, mara nyingi mkanda umekatika, kwa sababu kwenye magari mengi mkanda mmoja ndio unaozungusha alteneta, pampu ya maji na pampu ya usukani. Nikaegesha pembeni, nikazima injini kabla haijaungua, nikawasha hazadi, nikaweka pembetatu nyuma ya gari. Mama nilimtoa kupitia mlango wa upande wa mbali na magari, nikamkalisha nyuma ya kingo za barabara juu ya koti langu. Mama ana miaka 71. Dawa yake ya presha huimeza saa 3 usiku, na usiku ule ilikuwa imebaki nyumbani.

Simu ya kwanza niliipiga saa 1:20. Mhudumu alinisikiliza vizuri, akachukua pini ya ramani, nikamweleza kuhusu mama na dawa. Akanipa namba ya tukio na kusema gari la kuvuta litafika ndani ya dakika 60. Saa 2:25 nikapiga tena. "Yupo njiani, dada." Saa 3:04 simu yangu ikaita mara moja ikakatika, namba nisiyoijua. Nikaipigia palepale, haikupokelewa. Saa 3:20 nikapiga kituoni, na huyo mhudumu wa tatu akanyamaza kidogo akisoma kwenye kompyuta, kisha akasema, "Hapa naona kazi imefungwa. Imeandikwa mteja hakupatikana."

Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwenye gari. Hazadi zilikuwa bado zinawaka, ila mwanga ulikuwa umeanza kufifia, kwani betri haikuwa na kitu cha kuichaji. Nilimwambia, kaka, mimi niko hapa tangu saa 1, sijasogea. Akaomba radhi, akafungua tukio jipya lenye namba mpya. Dakika 60 nyingine. Saa 4:38 nilipopiga kwa mara ya nne, nikaambiwa mkandarasi ameikataa kazi kwa sababu ya umbali. Namba ya tatu ikafunguliwa.

Wakati huo dereva mmoja wa lori alikuwa amesimama kutuuliza kama tuko salama, akaniachia namba ya mtu mwenye bredauni. Sikumpigia hadi nilipoirudia kampuni kwanza, saa 4:52, kuwauliza kama naweza kukodi bredauni yangu na kudai gharama baadaye. Mhudumu aliyepokea ndiye pekee usiku ule aliyenijibu kama mtu anayenielewa. "Dada, fanya unavyoona ni salama kwenu. Risiti utunze." Kwa maneno hayo nikaita. Bredauni ya kukodi ilifika saa 5:19. Saa 5:30, gari langu likiwa tayari limepandishwa juu, simu ikaita: dereva wa kampuni, anasema amekaribia. Nilipomwuliza alikuwa wapi muda wote, alishangaa kwa dhati. Kazi yangu alikuwa ameipata saa 5:05. Sina kinyongo na huyo dereva hata kidogo.

Nilipeleka malalamiko yangu siku ya pili yake, kwa maandishi, pamoja na risiti. Gharama ya bredauni ile ilizidi ada yangu ya mwaka mzima. Jibu lilikuja baada ya siku 9, na sentensi moja ndani yake niliisoma mara nyingi nisiamini macho yangu: walikuwa wamenifikia "ndani ya dakika 52", muda ambao uko chini ya lengo lao.

Dakika 52. Nilipiga hesabu kila namna hadi nikaelewa. Kutoka saa 4:38 hadi saa 5:30 ni dakika 52. Walianza kuhesabu kutoka tukio la tatu. Kila nilipopiga simu kulalamika na wao "wakanisaidia" kwa kufungua namba mpya, saa yao ilirudi sifuri. Kwa saa yangu, kutoka simu ya kwanza, zilikuwa dakika 250.

Barua hiyo iliongeza mambo mengine matatu. Kwamba kazi ya kwanza ilifungwa kwa kosa langu, kwa sababu dereva alinitafuta akanikosa. Kwamba mkanda kukatika kunaonyesha gari halikufanyiwa matengenezo, na mkataba hausimamii hilo. Na kwamba sikuwa na kibali cha kukodi bredauni ya nje. Mwishoni wakanipa vocha ndogo kama ishara ya nia njema, kwa sharti kwamba nikiipokea shauri limekwisha. Ukipewa vocha ya namna hiyo, soma sharti kabla hujabonyeza kitufe cha kukubali. Mimi niliikataa.

Kila unapopiga simu kwenye vituo hivi, unasikia ile sauti: simu hii inarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma. Miaka yote nilikuwa naisikia tu ikipita. Safari hii nikaandika kudai rekodi zenyewe, pamoja na kumbukumbu zote za matukio matatu, kila hatua na saa yake. Nchi nyingi sasa zina sheria inayompa mtu haki ya kuona taarifa zake zilizohifadhiwa na kampuni. Umoja wa Ulaya kanuni yao ilianza kutumika Mei 2018 na inaipa kampuni mwezi mmoja kujibu. Kenya ilitunga sheria yake 2019, Tanzania 2022. Barua yangu ilikuwa na mistari sita. Sikutukana wala kutisha, nilitaja tarehe, namba tatu za matukio, na namba ya simu niliyopigia.

Kumbukumbu zilipokuja, nilikaa mezani na kalamu. Saa 1:34 kazi ilipelekwa kwa mkandarasi wa kwanza, ambaye hakujibu. Haikupelekwa kwa wa pili hadi saa 2:41. Maana yake saa 2:25, nilipoambiwa "yupo njiani, dada", hakukuwa na mtu yeyote njiani. Saa 3:04 mkandarasi wa pili alipiga simu ya sekunde 4. Saa 3:06 akafunga kazi: mteja hakupatikana. Kazi ya pili ilirudishwa kwa huyohuyo, akakaa nayo zaidi ya saa nzima ndipo akaikataa. Na kwenye fomu ya kwanza kuna sehemu ya kuandika kama mteja ana mtu mzee, mgonjwa au mtoto mdogo, ili apewe kipaumbele. Ilikuwa tupu. Kwenye rekodi nilijisikia mwenyewe, sauti yangu, nikieleza umri wa mama na dawa yake, na mhudumu akiitikia "sawa, nimeandika."

Hapo ndipo nilipolia, baada ya wiki nne za kujikaza.

Kwa nini haya hutokea? Watu wengi wanadhani kampuni waliyoilipa ina magari yake yamepangwa sehemu. Zipo zenye magari yake, lakini nyingi zina kituo cha simu tu, na kazi yenyewe wanaigawa kwa wakandarasi wa eneo husika. Juu yao kuna kampuni ya bima inayobeba mkataba, ambayo jina lake liko kwenye maandishi madogo. Mkandarasi akilipwa kiasi kilekile kwa kila kazi, ile ya mbali na ya usiku anaikwepa. Nilisikitika nikikumbuka kwamba huduma hii ilizaliwa kwenye vyama vya madereva wenyewe: AAA ya Marekani mwaka 1902 jijini Chicago, AA ya Uingereza mwaka 1905. Hata hivyo, mkandarasi hana mkataba na mimi. Mkataba wangu ni na waliochukua pesa yangu, na hao ndio wa kunijibu. Waliponiambia "wasiliana na mkandarasi moja kwa moja", nilikataa.

Nikaandika barua ya pili, hoja kwa hoja. Kuhusu kibali, niliwapa saa ya simu, 4:52, na maneno ya mhudumu wao kama yalivyo kwenye rekodi waliyonipa wenyewe. Kuhusu kutopatikana, niliambatanisha picha ya skrini inayoonyesha simu ile ya sekunde 4 na mimi nikipiga dakika hiyohiyo bila kupokelewa, pamoja na picha ya gari niliyoipiga saa 3:22, ambayo simu huiwekea saa na mahali. Kuhusu muda, niliandika hivi: mteja anasubiri tangu alipopiga simu ya kwanza, na kubadilisha namba ya tukio hakumpunguzii hata dakika moja.

Hoja ya matengenezo ndiyo iliyoniudhi zaidi, maana nimeshasikia watu wengine wakikwama hapohapo. Mikataba mingi inakataa gari lenye tatizo ambalo mwenye gari alilijua akaliacha. Hilo ni haki yao. Lakini karakana ilipofungua injini, ilikuta beringi ya kikaza mkanda imekwama, ikaunguza mkanda mzuri. Fundi aliniandikia hivyo kwa karatasi yenye muhuri. Nilikuwa pia na ankara ya sevisi ya miezi 4 nyuma, imeandikwa mkanda umekaguliwa. Zaidi ya yote, sikuwadai kikaza wala mkanda. Nilidai gharama ya kuvutwa, na kipuri kuharibika barabarani ndiyo sababu mtu ananunua huduma hii. Kama kila kinachoharibika ni kosa la mwenye gari, wanauza nini?

Wao walisimama kwenye kifungu kinachosema watajitahidi kufika mapema bila kuahidi muda. Kifungu hicho kipo karibu kwenye kila mkataba wa aina hii, kwa hiyo usijenge madai yako juu ya zile dakika 60 peke yake. Mimi nilijenga juu ya mambo waliyoyafanya wao: kufunga kazi kwa simu ya sekunde 4, kuniambia mtu yupo njiani wakati hayupo, kutoandika habari za mama. Nilisema wazi pia kwamba wasipotoa jibu la mwisho nitalifikisha shauri kwa msuluhishi wa malalamiko ya bima. Taratibu hutofautiana, Uingereza, kwa mfano, kampuni ina wiki 8 kutoa jibu la mwisho, na mteja ana miezi 6 baada ya jibu hilo kwenda kwa msuluhishi. Ulizia za kwenu mapema, kwa sababu muda ukipita haki inalala.

Jibu la mwisho lilifika wiki ya 7. Walikubali kulipa gharama yote ya bredauni, pamoja na fidia kidogo kwa usumbufu. Ada ya mwaka walikataa kurudisha, wakisema mkataba uliendelea kunikinga, na hapo sikubishana zaidi. Jambo moja nililiandikia tena: nilitaka maneno "mteja hakupatikana" yafutwe kwenye faili langu, kwa sababu si kweli. Ilichukua barua mbili nyingine. Sasa imeandikwa, "Kazi ilifungwa kimakosa, mteja alikuwepo eneo la tukio."

Nyota nawapa 2 kati ya 5. Moja ni ya yule mhudumu wa saa 4:52, ya pili ni kwa sababu mwishowe walilipa. Mama yuko salama, alimeza dawa yake saa 7 usiku na kesho yake alikuwa na kizunguzungu mpaka mchana.

Mkataba wangu umekwisha mwezi uliopita na sikuuhuisha. Kabla ya kulipa kwingine niliandikia kampuni tatu nikiuliza maswali yaleyale: magari ni yenu au ya wakandarasi, msipofika naruhusiwa kukodi bredauni kwa kiwango gani, kibali natakiwa kukipataje, na tukio likifunguliwa upya muda mnahesabu kuanzia lini. Mbili zilinitumia vipeperushi. Ya tatu ilijibu kila swali kwa barua pepe, na kwenye lile la mwisho wakaandika: kuanzia simu ya kwanza. Hiyo ndiyo niliyoilipia, na barua pepe yao nimeichapisha, iko kwenye droo ya gari pamoja na kadi ya uanachama.